Mpini Usio na Kabari

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Ofisini saa moja na nusu. Nimefungua dirisha, nimefuta vumbi kwenye mihuri, nimepanga rejista za vizazi kwa miaka. Hakuna aliyekuja kuandikisha mtoto. Wino wa muhuri tunauongezea maji, sasa unaacha alama ya rangi ya chai. Mkuu wa ofisi alikuja saa nne, akaketi, akaondoka. Habari za mshahara hatuziulizi tena.

Jioni nilipasua kuni uani. Pigo la tatu mpini ukakatika pale unapoingia kwenye chuma. Kichwa cha shoka kiliruka, kikapita karibu na mguu wa Mama. Ndani ya mpini mlikuwa na unga mtupu. Fukusi. Kwa nje ulionekana mzima kabisa.

Niliogopa kukiokota mpaka wakati wa chakula. Mimi huogopa upesi. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayeniona.

Jumanne, 7 Septemba

Shoka si letu. Ni la Papa Kalonji, jirani yetu, aliyefanya kazi na Baba kiwandani tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu, alikwenda na familia yake kungoja treni stesheni pamoja na wengine wote. Kabla ya kuondoka alilipitisha shoka juu ya ua, akamwomba Baba alitunze. Mimi sikwenda stesheni kumuaga. Niliogopa kuonekana naye. Hilo sitaliandika mara ya pili.

Sasa tunalihitaji kuliko kitu chochote cha nyumba hii. Parokia imetuandikia kipande cha shamba Kapolowe. Ni msitu bado. Baba hawezi, mapafu yake yamejaa vumbi la miaka yote ile. Nimebaki mimi. Tangu nizaliwe nimekata miti miwili, yote ya mapera.

Kuazima shoka haiwezekani. Mwenye shoka hapa Kikula siku hizi yuko nalo porini, anakata miti ya makaa.

Jumatano, 8 Septemba

Nimelipima tundu la shoka kwa rula ya ofisi. Si duara, ni kama yai. Nikakunja karatasi kama bomba, nikaiingiza, nikaiachia ijifungue ndani. Nilipoitoa nikaona jambo: tundu ni pana juu kuliko chini. Tofauti ya milimita tatu. Kwa nini? Mfua chuma hakukosea, kwa kuwa pande zote mbili zimelingana.

Nikamuuliza Baba. Alisema ni kwa ajili ya kabari. Unaingiza mpini kutoka chini, halafu unapigilia kabari juu ili mti upanuke na kujaza nafasi. Kichwa hakiwezi kuchomoka tena.

Milimita tatu zinashika chuma chote kile. Nimelifikiria jambo hili siku nzima badala ya kuogopa. Ni nafuu.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimechora mpini kwenye karatasi ya mirabaraba. Sura ya mbele, sura ya ubavuni, vipimo vyote. Mkuu wa ofisi ameniruhusu kuchukua ubao wa rafu iliyoanguka. Ubao mzuri, mwekundu, mnyoofu kama mstari. Nimeukata kwa msumeno nikifuata mchoro bila kutoka nje hata kwa unene wa kalamu.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimeutia mpini, nimepigilia kabari. Ulikuwa mzuri kweli.

Pigo la kwanza, sawa. Pigo la pili ukapasuka kimshazari, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Sikuumia. Nilikaa chini hata hivyo.

Mama Ngoie alikuwa anatazama juu ya ua. Ni mjane, anauza makaa sokoni Kikula, anakata miti yake mwenyewe na kuyaleta makaa kwa baiskeli anayoisukuma. Siku zote namwogopa kidogo. Sauti yake inafika barabarani.

"Karani! Umetengeneza mupini ao umetengeneza rula?"

Watu wa nyumba ya nyuma wakacheka. Mama yangu pia alicheka, nilimwona.

Aliingia uani bila kuombwa, akaokota vipande, akanionyesha kwa ukucha wake. Nyuzi za ule ubao zilikuwa zinapita kwa mshazari, zinaingia upande huu na kutokea upande ule. Msumeno haujali nyuzi, alisema. Unakata tu unapoambiwa. Mpini haukatwi, unapasuliwa. Mti wenyewe ndio unaojua unyoofu wake uko wapi, na ukiupasua unakuonyesha.

Nilikuwa na mchoro sahihi na mti usio sahihi. Hasira kwanza. Halafu, baada ya kula, nikatoka na taa kuviangalia tena vile vipande. Nyuzi zinaonekana wazi kabisa. Zilikuwepo muda wote.

Jumapili, 12 Septemba

Misa ya pili. Mwishoni katekista alisoma majina ya waliopewa mashamba. Jumamosi tarehe 2 Oktoba atapita Kapolowe na daftari lake. Atakayekuwa amefungua hatua ishirini kwa ishirini, shamba ni lake, apande mvua ikija. Ambaye hajafungua, jina lake linafutwa na anaitwa wa pili kwenye orodha. Orodha ni ndefu. Aliisoma yote.

Mama alinishika mkono tuliposikia jina letu. Nyumbani sasa tunakula mara moja kwa siku, na hiyo mara moja ni sombe, majani ya muhogo, na ugali mdogo. Nafahamu hesabu yake bila kuifanya.

Jumatatu, 13 Septemba

Hofu mpya. Jamaa wa mtaa wa pili amerudi kutoka barabara ya Kapolowe bila shoka lake. Askari wa kizuizi wamelichukua. Walisema shoka ni silaha. Jino moja pia limebaki huko.

Sikulala vizuri. Ofisini nikapata wazo. Nikapiga kwa mashine: HATI YA KUTHIBITISHA. Kwamba mwenye hati hii, raia mwema, mtumishi wa serikali, anabeba shoka moja (1) kwa shughuli za kilimo peke yake. Nikaweka mihuri miwili na sahihi. Imetoka vizuri. Niliisoma mara nne na nikajisikia salama.

Jumanne, 14 Septemba

Nilimwonyesha Mama Ngoie hati. Hajui kusoma, nikamsomea. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ni mbaya kuliko kicheko chake.

"Weye mutoto wa masomo. Soda wa ku kizuizi hakukuuliza kama uko na shoka. Na weye unamupa karatasi ya kumuambia?"

Nimeichana. Nimebakiza kipande chenye muhuri, sijui kwa nini.

Halafu akanichukua hadi kwake, akanionyesha shoka lake. Alishika fimbo. Fimbo tu, nene kichwani na nyembamba chini. Akaingiza mkono ndani ya gunia la makaa, akatoa kichwa cha shoka kisicho na mpini. Akaigeuza fimbo, mwisho mwembamba juu, akaivisha chuma, akakishusha mpaka kwenye unene, kisha akaugonga unene huo mara moja kwenye jiwe. Tak. Shoka kamili. Akagonga tena upande wa pili, chuma kikalegea, akakichomoa. Fimbo tena.

Hakuna kabari. Hakuna msumari. Kichwa kinapanda kutoka chini na kukwama kwenye unene wa juu. Ni kama sululu za kiwandani, Baba alisema baadaye. Kila pigo linakaza zaidi, kwa sababu chuma kinataka kukimbilia mbele na mti mnene unakikatalia.

Miaka yote amepita kizuizini na makaa kwenye baiskeli na fimbo mkononi. Mama mjane anayejisaidia kutembea.

Na lile tundu la Papa Kalonji, pana juu na jembamba chini? Limekaa sawasawa kwa kazi hii. Kama funeli. Nilirudi nyumbani mbio kulitazama.

Alhamisi, 16 Septemba

Mama Ngoie amenipa mti. Ni mubanga, mti mgumu wa porini, aliupasua mwenyewe misimu miwili iliyopita, akauweka juu ya moshi wa jikoni kwa ajili yake. Mweusi, mzito, unatoa mlio ukiugonga. Nilisema siwezi kupokea. Alisema nitamletea mihogo, na nisipoleta ataniita mwizi hadi ku stesheni.

Ameniambia sheria moja. Gonga mti, sikiliza. Ukilia, mzima. Ukinyamaza, una ufa ndani. Nimegonga kila kitu cha nyumba leo, miguu ya meza, mlango, kitanda. Mlango wetu una ufa.

Jumamosi, 18 Septemba

Napunguza kwa panga la Mama. Ni kazi ya polepole. Mubanga hautaki. Ukilazimisha, panga linaruka. Ukifuata nyuzi, linatoa ngozi nyembamba ndefu zinazojikunja. Mikono ina malengelenge saba.

Kuhusu kulingana na tundu: Mama Ngoie alinifundisha masizi. Unapaka masizi ya sufuria ndani ya tundu, unaivisha fimbo, unagonga, unatoa. Pale palipo peusi ndipo mti unapogusa chuma. Hapo unakwangua, kidogo tu, kwa kipande cha chupa. Unarudia. Mara ya kwanza palikuwa na madoa mawili madogo. Maana yake chuma chote kilikuwa kimeshikwa na madoa mawili. Mara ya kumi na nne madoa yalikuwa tisa.

Sijawahi kufanya kazi inayonijibu namna hii. Rejista hainijibu.

Jumanne, 21 Septemba

Pete nyeusi. Imezunguka yote, bila nafasi. Nilimwita Baba aje aone. Aliketi, akageuza mpini mwangani, akaupitishia kidole. Akauliza kama mgongoni mwangu pia kuna masizi, maana usoni yapo.

Mkuu wa ofisi amenipa ruhusa ya juma moja kuanzia Jumatatu ijayo. Hakuuliza ya nini.

Alhamisi, 23 Septemba

Mpini umekwisha lakini siwezi kuuacha. Nimeukwangua wote kwa chupa. Nimeusugua kwa mchanga wa mto, halafu kwa gunia, halafu kwa mafuta ya mawese ya kuchota kwa vidole vitatu, na kuukausha juani. Sasa nyuzi zinaonekana kama maji yanayotembea. Mwisho wa chini nimeuzungushia mistari mitatu kwa msumari wa moto. Ulihitaji mahali pa kuishia.

Mama Ngoie alipita.

"Acha. Ule mupini hauendi ku misa."

Nilicheka. Nikaendelea.

Ijumaa, 24 Septemba

Usiku nimejaribu kupita kizuizini kichwani mwangu. Nimepita mara nyingi. Kila mara askari ananiuliza gunia lina nini na mimi nasahau neno la unga.

Jumatatu, 27 Septemba. Kapolowe

Naandika kwa penseli, juu ya goti.

Nilitoka kabla ya jua. Gunia begani: unga, chumvi, sufuria, blanketi, na kichwa cha shoka katikati ya unga. Mkononi fimbo.

Kizuizini walikuwa askari wanne. Watatu wanacheza karata. Wa nne akanisimamisha. Akauliza gunia. Nikasema unga. Neno lilikuja. Akachungulia, akatia mkono juu juu, akajipangusa kwenye suruali. Nilikuwa nimekwisha pita. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha pita kweli.

"Petit, mutoto! Hiyo fimbo unaitoa wapi?"

Nilisema ya babu. Sijui kwa nini babu. Akaishika. Akaipima kwa mkono, akaitazama ile mistari mitatu, akaipitishia kidole kama Baba.

"Babu yako alikuwa chef, mukubwa wa kijiji?"

Nikasema hapana, baba mkubwa ndiye.

"Weye si chef. Bado una miguu. Pita."

Wale wengine wakacheka. Alibaki nayo. Akajitegemeza juu yake, akapendeza.

Nilitembea. Sikugeuka. Nimefika jioni na chuma kisicho na mpini na mikono mitupu. Nimekaa kwenye shamba letu, nimelia. Hasira yangu si juu yake peke yake. Mama Ngoie aliniambia niache. Fimbo mbaya angeiacha. Mimi niliifanya nzuri kwa sababu siwezi kuacha kitu bila kukipanga mistari.

Jumanne, 28 Septemba

Usiku nilifikiri kurudi. Kurudi kwa nini? Kumwambia Mama nini?

Majirani wa kushoto na kulia wana mashoka yao na siku zilezile nne. Nilimwomba mmoja panga. Alisema subiri jioni. Nitasubiri jioni ngapi?

Halafu nikawaza jambo dogo. Kichwa cha shoka ni shoka tayari. Hakina mkono tu. Nikakifunga kitambaa nikakishika ngumini, kama mtu anavyoshika jiwe.

Nikatembea nikitazama magome. Hili Mama Ngoie alinionyesha kwa haraka na nilidhani nimesahau: mistari ya gome ikipanda kwa kuzunguka, nyuzi za ndani zinazunguka pia. Ikipanda wima, nyuzi ni wima. Niligundua miti mingi inazunguka, na karibu yote kwa upande mmoja. Kwa nini upande mmoja? Nilisimama kidogo kujiuliza, na jua linapanda. Kisha nikaupata mubanga mchanga, mnene kama kifundo cha mkono wangu, gome wima toka chini hadi juu. Nikaugonga. Mbichi haulii, lakini haukunyamaza pia.

Kuukata kwa ngumi kulichukua mpaka saa sita. Vidole vimevimba.

Jumatano, 29 Septemba

Mpini upo. Nimeumenya pale tu panapopita chuma. Kwingine gome lake lipo, na kifundo kimoja, na harufu kali. Masizi kutoka sufuriani. Pete haikukamilika, imebaki na mianya miwili. Nikasema basi. Nilisema kwa sauti, peke yangu.

Mti mbichi husinyaa. Hili lilinitisha. Kama ningetumia kabari, kesho kichwa kingelegea na kuruka. Lakini huu hauna kabari. Ukisinyaa, chuma kinapanda kidogo kwenye unene na kukaza tena. Nimeacha sehemu nene ya vidole vinne juu ya chuma kwa ajili hiyo. Na kweli, leo jioni kimepanda nusu kidole. Nimegonga kwenye jiwe. Tak.

Miti kumi na mmoja. Midogo.

Alhamisi, 30 Septemba

Kimepanda robo kidole. Miti kumi na tisa. Jirani wa kushoto alikuja kutazama, akauliza kwa nini nagonga shoka kwenye jiwe kila mara kama mtu anayeita mbwa. Nikamwonyesha. Akaenda kuleta lake.

Ugali bila kitu. Nimelala kama gogo.

Ijumaa, 1 Oktoba

Chuma hakikupanda tena. Kimekaza. Nimejaribu kukichomoa, ikabidi nigonge mara tatu. Siogopi kelele za porini leo, sijui zimekwenda wapi. Mti wa mwisho ulikuwa mkubwa, nilianza asubuhi ukaanguka alasiri. Ulianguka upande niliotaka. Nimepima hatua ishirini. Nimepima tena. Kisha nikapima mara ya tatu nikitembea hatua fupi, ili asiseme nimetumia miguu mirefu.

Jumamosi, 2 Oktoba

Katekista alifika saa tano na baiskeli. Akatembea hatua zake. Akaangalia visiki. Akaniuliza nani amenisaidia. Akatazama shoka, akatazama vidole vyangu, akaandika jina letu. Anaandika vibaya. Ameacha herufi moja. Nikamwomba aiongeze, akaiongeza.

Shamba la kulia halikufunguliwa. Mwenyewe alikuwa na shoka jipya. Hakuja siku tatu.

Jumapili, 3 Oktoba. Nyumbani

Nimerudi usiku wa manane. Kizuizini alikuwa yuleyule, kwenye kiti, fimbo yangu magotini. Ameifunga kamba ya ngozi mwisho, kwenye mistari mitatu. Alinitazama mimi na kijiti changu chenye gome, akaendelea kula karanga.

Nimempelekea Mama Ngoie habari. Mihogo bado, nilimwambia. Aliuliza uko wapi mubanga wake. Nikamweleza. Alisema, "Si nilikuambia?" Kisha akaenda jikoni kwake, akashusha kipande kingine kutoka kwenye moshi, akakigonga kwanza, akasikiliza, akakirudisha juu. Kesho kutwa, alisema. Bado kina maji.

Baba ameushika mpini wa gome kwa muda mrefu. Alicheka hadi akakohoa. Akauliza kama Papa Kalonji akirudi tutampa hivi hivi. Nikasema ndiyo, na mimi mwenyewe nitakwenda kumpokea stesheni.

Nimeweka chuma chini ya kitanda na kijiti nyuma ya mlango. Kesho ofisi saa moja na nusu.